Barua ya wazi kwa wanaopanga masharti ya maduka kwenye kiwanja chetu cha ndege

Nyanda za Juu Kusini

Kwa Meneja wa Kiwanja cha Ndege,
na kwa wakuu wake wanaoidhinisha mikataba ya upangaji,

YAH: MASHARTI YA MADUKA, MIGAHAWA NA VIBANDA NDANI YA JENGO LA ABIRIA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Meneja, poleni na majukumu. Haya tunayoyaandika hadharani tulishayaandika kwa njia ya kawaida. Barua zilipelekwa masjala kwa mkono na nakala zikagongwa muhuri wa kupokelewa, kikaitishwa kikao ambacho muhtasari wake haujatoka hadi leo. Jibu lililotufikia kwa wakati ni ankara ya mwezi uliofuata. Jina la kiwanja tumeliacha kwa makusudi. Wahusika mnajijua, na wenzetu wa viwanja vya jirani wanasema ya kwao yanafanana na haya.

Lalamiko letu ni moja, ingawa lina matawi. Masharti tunayosainishwa yaliandikwa yakiwa na kiwanja kikubwa kichwani. Jengo la Tatu la abiria pale Julius Nyerere, lililofunguliwa Agosti 2019, lilijengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Pale mtu anakaa dukani tangu alfajiri hadi usiku wa manane na wateja hawakatiki. Kwetu ndege inatua, inashusha, inapakia, inaondoka, na jengo linabaki kwa mfagiaji na mlinzi hadi ndege nyingine ije, kama itakuja. Mkataba wa kule ukiletwa huku bila kupunguzwa kiuno, haumkai mtu.

1. Kodi ya pango haitazami kama ndege zimekuja

Hili ndilo kubwa, kwa hiyo tutalitolea hesabu. Viwango vifuatavyo ni vya mfano na havikutolewa kwenye daftari la mpangaji yeyote, lakini mpangaji yeyote ataitambua sura yake.

Chukua duka la mita 12 za mraba, kodi shilingi 60,000 kwa mita kwa mwezi. Hiyo ni 720,000. Ongeza tozo ya huduma ya asilimia 15 (usafi, taka, ulinzi wa jumla), yaani 108,000. Weka VAT ya asilimia 18 juu ya vyote viwili, ni 149,040. Jumla inafika 977,040. Mwenye duka dogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 200 halazimiki kusajiliwa VAT, na asiyesajiliwa hana pa kuirudisha hiyo 149,040. Inamkata moja kwa moja. Hapo hujalipa wauzaji wawili wa zamu, tuseme 250,000 kila mmoja, pamoja na asilimia 10 ya mwajiri kwenye NSSF. Hiyo ni 550,000. Umeme wa friji la vioo na taa, 70,000. Tumefika 1,597,040 kwa mwezi kabla hujanunua hata katoni moja ya maji.

Sasa wateja. Ndege moja kwa siku, mapangaboi ya Q400 yenye viti 76, ikiondoka imejaa asilimia 65, inatoa wastani wa abiria 49. Kwa siku 30 ni abiria 1,482. Tukiwa wakarimu, tuseme mmoja katika wanne ananunua kitu. Hao ni wanunuzi 370. Kila mmoja wao lazima amwachie mwenye duka faida ghafi ya shilingi 4,316 ili duka lifikie tu mahali pa kutopata hasara. Maji ya nusu lita yaliyonunuliwa kwa 450 yakauzwa 2,000 yanaacha 1,550. Abiria anayelalamika kwamba maji ya kiwanjani ni ghali kama mafuta ya taa ana haki ya kulalamika. Ajue tu kwamba bei ile ilipangwa siku mkataba uliposainiwa, muuzaji alikuja baadaye.

Halafu ukungu unashuka. Mtu wa nyanda hizi hahitaji kuelezwa asubuhi za ukungu, wala miezi ambayo ndege inapelekwa matengenezo na ratiba inapunguzwa. Ndege zikikosekana siku 7 tu katika mwezi ule ule, abiria wanashuka hadi 1,136, wanunuzi 284, na kila mnunuzi sasa anatakiwa kuacha 5,623. Kodi haijasogea hata shilingi.

Mnajua wenyewe kwamba kwenye mikataba ya maduka ya viwanja vya ndege duniani kuna njia ya kawaida ya kulishughulikia jambo hili. Mpangaji hulipa asilimia ya mauzo, na kunakuwa na kiwango cha chini kilichohakikishwa. Kinacholipwa ni kile kikubwa kati ya hivyo viwili. Kwa chakula na vinywaji asilimia hiyo mara nyingi huwa 10 hadi 15 au karibu na hapo. Na mikataba iliyoandikwa vizuri ina kifungu kinachosema abiria wakipungua chini ya kiwango fulani, kile kiwango cha chini nacho kinapungua kwa uwiano huo huo. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa Uviko, viwanja vingi vililazimika kuahirisha au kusamehe viwango hivyo, vyenye kifungu na visivyo nacho. Sisi tuna kiwango cha chini kikubwa, hatuna asilimia, wala hatuna kifungu. Katika mfano wetu, wanunuzi 370 wakitumia wastani wa shilingi 5,000 kila mmoja, mauzo ni 1,850,000, na malipo ya pango pamoja na tozo na VAT yanameza zaidi ya nusu ya mauzo yote. Mauzo, ndugu Meneja. Hatujafika kwenye faida.

2. Dola iliyovaa shilingi

Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, zilizotangazwa mwezi Machi mwaka huo, zimekataza kutangaza na kulipisha bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma ndani ya nchi. Ankara zetu zimeitii sheria juu juu: zimeandikwa shilingi. Lakini zinabadilika kila mwezi, kwa sababu jedwali la nyuma ya mkataba bado linasoma dola kwa mita ya mraba, na mhasibu anazidisha kwa kiwango cha siku ile kabla ya kutoa namba ya malipo. Muuzaji wa karanga na chai hana mteja anayemlipa dola. Jedwali liandikwe upya kwa shilingi, namba moja isiyobadilika kwa mwaka mzima.

3. Bidhaa zimepangwa upande usio wake

Hapa tunaomba mtuvumilie, maana jambo hili linaonekana dogo hadi ulione likitokea.

Abiria wa safari ya ndani anapita sehemu tatu: mlangoni, kaunta ya kukabidhi mizigo, kisha ukaguzi wa usalama hadi chumba cha kusubiria. Kila anapopita sehemu moja, aina ya bidhaa anayoweza kununua inabadilika.

Akiwa hajafika kaunta, begi lake kubwa bado liko mkononi na ana kilo 23 au zaidi za kujaza. Hapo ndipo mahali pa mchele wa Kyela wa kilo 5, viazi, parachichi za Rungwe na Njombe zilizofungwa kwenye katoni ya kilo 4, na kikapu cha milulu cha Iringa kile kikubwa. Akishakabidhi begi, amebakiwa na mzigo wa mkononi, kwa kawaida kilo 7, na kompyuta yake imeshakula mbili au tatu. Hatanunua mchele wa kilo 5 hata ungekuwa wa bure. Upande wa ndani unahitaji vitu vyepesi: kahawa ya Mbozi ya gramu 250, chai ya Tukuyu au ya Mufindi, kakao ya Kyela, vikapu vidogo vinavyoingia kimoja ndani ya kingine, maji, chai ya moto na kitafunwa.

Mgawanyo wa sasa umegeuza mambo. Chumba cha nje kimetengwa kwa "vinywaji na vitafunwa", cha ndani kwa "bidhaa za asili na zawadi", na mpangaji akiuza nje ya kundi lake anaandikiwa onyo. Matokeo yake mchele unakaa ndani, mahali ambapo hakuna anayeweza kuubeba, na maji yanakaa nje, mahali ambapo abiria bado anayo chupa yake ya mjini.

Asali ina mkasa wake. Abiria anayeunganisha kwenda nje ya nchi atakaguliwa tena Dar es Salaam kwa kanuni za kimataifa: kimiminika kisizidi mililita 100 kwa chombo, vyombo vyote viingie kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja. Kanuni hizo zilizaliwa na njama ya mabomu ya majimaji iliyogunduliwa London Agosti 2006, na kwa mkaguzi asali ni kimiminika sawa na maji. Chupa ya nusu lita aliyoinunua huku kwa heshima zote inaishia kwenye pipa la ukaguzi. Viwanja vya kimataifa vina mifuko maalum ya kufungwa dukani na risiti ikionekana ndani; duka la safari za ndani halina. Njia rahisi ni kichupa kidogo, lakini nacho kina mtego. Mililita 100 za asali zina uzito wa gramu 140 hivi. Msindikaji akiandika lebo kwa gramu peke yake, mkaguzi anaona "140" na anakitupa, wakati kilikuwa halali. Lebo iseme mililita 100 kwanza, gramu baadaye. Mambo ya namna hii yangepaswa kuwa kwenye mwongozo wa ukurasa mmoja anaopewa kila mpangaji. Mwongozo tulionao una kurasa nyingi juu ya rangi ya mabango.

4. Umeme unaokatika wakati wa ukungu

Ndege ikichelewa asubuhi ya baridi, watu 70 wanataka chai kwa wakati mmoja. Gesi ndani ya jengo imekatazwa, na hilo hatulibishii. Lakini angalieni tulichopewa badala yake: mkondo mmoja wa soketi wenye swichi ya ampea 16. Birika kubwa la umeme la kilowati 3 linavuta ampea 13. Friji la vioo, 2. Maikrowevu ya kupashia sambusa, 6. Jumla ni 21. Swichi haikati papo hapo. Inapata moto kwanza, dakika kadhaa zinapita, mtu anadhani mambo ni sawa, kisha kompresa ya friji inaamka na kuvuta umeme wa kuanzia, na mkondo mzima unalala, pamoja na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, iliyochomekwa hapo hapo. Foleni ya chai inasimama, na risiti nazo zinasimama. Fundi wa kiwanja anakuja, anarudisha swichi, anasema "msitumie vyote pamoja". Ushauri mwema, ila hauuzi chai.

Wako wanaotushauri tulete chai kwa chupa kutoka mjini. Kwenye mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Chai iliyotiwa kwenye chupa alfajiri, ikafunguliwa kila baada ya dakika mbili, saa tatu asubuhi imeshakuwa vuguvugu.

Dawa ni ya kawaida na fundi yeyote wa umeme anaijua: kila duka la chakula lipate waya wake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye bodi, swichi ya ampea 32, na mita yake ya LUKU ili kila mtu alipie alichotumia. Na umeme wa gridi ukikatika, jenereta iguse angalau mafriji ya maziwa na nyama, ambayo yanatakiwa kubaki chini ya nyuzi 5. Sasa hivi inalisha taa na mashine za ukaguzi peke yake.

5. Mzigo unaolala nje

Kila katoni inayoingia ndani ya ukaguzi lazima ipite kwenye eksirei. Sawa kabisa. Tatizo ni kwamba mashine ni ile ile ya abiria, na inawashwa wakati abiria wanaingia, yaani wakati ule ule ambao mwenye duka anatakiwa awe anauza. Akileta mzigo mapema anaambiwa asubiri; akiuleta abiria wakiwepo anaambiwa asizuie foleni. Maziwa yanasubiri juani. Aidha mashine za ukubwa uliozoeleka zina mdomo wa sentimita 60 kwa 40. Kikapu kikubwa cha Iringa hakipiti, lazima kikaguliwe kwa mkono, na wa kukikagua hajateuliwa.

Tunaomba saa maalum ya mizigo, saa mbili kabla ya kaunta kufunguliwa, siku tatu kwa wiki, mkaguzi akiwepo. Mpangaji awasilishe orodha ya bidhaa na idadi siku moja kabla. Vitambulisho vya kudumu vya wauzaji vitolewe ndani ya muda unaojulikana, kwa sababu muuzaji anayeingia kwa kusindikizwa anamfunga askari mmoja kutwa nzima. Visu vya jikoni vifungwe kwa mnyororo na kuhesabiwa asubuhi na jioni. Hayo tuko tayari kuyatii bila kunung'unika.

6. Muda wa mkataba

Mkataba wa mwaka mmoja mmoja unaua duka kabla halijazaliwa. Rafu, friji, bango la viwango vyenu, mashine ya EFD na dhamana ya miezi mitatu vikigharimu tuseme milioni 9, kwa miezi 12 ni 750,000 kila mwezi. Kwa miezi 36 ni 250,000. Tofauti hiyo ya nusu milioni inaenda wapi? Inaenda kwenye bei ya maji. Mkataba uwe wa miaka mitatu, na nyongeza ya miwili kwa anayelipa na kuuza vizuri. Zabuni zipite kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na tangazo lake lieleze idadi ya abiria walioondoka kila mwezi kwa miaka miwili iliyopita, ili mtu aombe akijua anaingia wapi. Kwa wajasiriamali wadogo kabisa, mama anayesindika karanga au kikundi cha wasukaji wa vikapu, tengeni vibanda vya magurudumu vya mita 2 za mraba, vinavyolipiwa kwa siku ya ndege tu.

7. Wasindikaji wetu wanabaki getini

Kuna aibu ndogo hapa. Abiria anaruka juu ya mashamba ya chai na kahawa, anatua, na rafu ya kwanza anayoikuta imejaa biskuti zilizosafiri kilomita mamia kwa lori. Tunafahamu kwamba bidhaa ya chakula lazima iwe na usajili wa TBS, lebo yenye tarehe, na msimbo wa mstari (wa Tanzania huanza na 620). Wasindikaji wengi wanaolelewa na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanavyo tayari. Kinachowashinda ni masharti ya malipo: duka linachukua bidhaa kwa mali kauli, linalipa baada ya siku 90, na zilizoharibika anarudishiwa msindikaji. Wekeni kwenye mkataba robo ya rafu kwa bidhaa za mikoa ya kusini, na malipo yafanyike ndani ya siku 14 tangu kuuzwa.

8. Mengineyo kwa ufupi

Mtandao ndani ya chumba cha kusubiria ni dhaifu na malipo ya lipa namba yanagoma. Kiongeza mawimbi kimoja kingetosha. Bomba la maji ya kunywa ya bure liwekwe upande wa ndani. Ndiyo, hata sisi wauza maji tunalitaka, kwa sababu mwenye kiu na mwenye njaa ni wateja wawili tofauti. Ndege ikichelewa, tuambiwe na sisi, siyo abiria peke yao.

Tunajua mtakayojibu.

Mtasema viwango vya kodi vinapangwa makao makuu. Vizuri, ndiyo maana barua hii imeandikwa kwa wote wawili. Lakini mgawanyo wa vyumba, waya, saa za mizigo na vitambulisho haviamuliwi makao makuu.

Mtasema mapato ya serikali yatapungua. Tupige hesabu. Vyumba vitatu vya 720,000, viwili vimefungwa kwa kukosa mpangaji, vinaingiza 720,000. Vyumba vitatu kwa kodi ya msingi ya 150,000 pamoja na asilimia 10 ya mauzo, kila kimoja kikiuza 1,850,000 tulizotaja, vinaingiza 335,000 kila kimoja, yaani 1,005,000. Mtasema kwa kuwa maduka ni mengi wateja watagawanyika. Kidogo, ndiyo. Hata mauzo ya kila duka yakishuka kwa robo, jumla ni 866,250, bado juu ya mnachopata leo, na makufuli mawili yameondoka mlangoni.

Mtasema mfanyabiashara ataficha mauzo ili asilipe asilimia. Kila duka lina EFD. Ripoti ya Z, ile ya kufunga hesabu za siku, inaonyesha mauzo hadi senti, na idadi ya risiti inaweza kulinganishwa na idadi ya abiria wa siku hiyo. Anayeuza watu 49 wakiwepo na kutoa risiti 2 atajulikana kabla ya jioni. Wekeni faini, hata ya kufukuzwa, tutaisaini.

Mtasema wapangaji ndio wenye tamaa, mkishusha kodi hawatashusha bei. Hofu hii ni ya haki, kwa hiyo tunawapa fimbo wenyewe. Mamlaka inayosimamia viwanja vya New York na New Jersey iliwahi kuumbuka mwaka 2021, mteja aliporusha mtandaoni orodha ya bei yenye bia ya karibu dola 28. Mwaka 2022 ilitoa mwongozo wa bei ya mtaani pamoja na nyongeza isiyozidi asilimia 10. Kwetu tunapendekeza asilimia 15, kwa sababu ya usafiri kutoka mjini na ukaguzi. Chagueni maduka matatu ya rejareja mjini, ya kawaida, hoteli zisihesabiwe, mchukue wastani wa bei za bidhaa 20 kila robo mwaka na kubandika orodha mlangoni. Lakini ukomo huo uanze siku ile ile kodi mpya inapoanza. Ukitangulia peke yake, mtafunga maduka yaliyobaki.

Na mtasema usalama kwanza. Hakuna tunachokiomba hapa kinachopunguza ukaguzi hata wa katoni moja.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba majibu ya maandishi:

(a) Ndani ya siku 14: saa ya mizigo itangazwe, mgawanyo wa bidhaa wa nje na ndani ulegezwe, na muhtasari wa kikao kile utolewe.

(b) Ndani ya siku 30: jedwali la kodi liandikwe kwa shilingi, na mkutano uitishwe pamoja na mwakilishi wa makao makuu mwenye mamlaka ya kuamua. Mwakilishi wa kuandika tu hapana.

(c) Ndani ya siku 90: mikataba mipya yenye kodi ya msingi pamoja na asilimia, kifungu cha abiria kupungua, muda wa miaka mitatu, robo ya rafu kwa bidhaa za kusini, na ukomo wa bei.

(d) Kabla ya msimu ujao wa ukungu: waya na swichi za maduka ya chakula.

Hadi hapo tutaendelea kulipa kwa mujibu wa mikataba iliyopo, na wanaodaiwa wataendelea kudaiwa. Hatugomi. Ila hatutasaini nyongeza ya mkataba yenye jedwali la dola.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wapangaji wa maduka, migahawa na vibanda,
Jengo la Abiria

Nakala:
Ofisi ya Mkuu wa Mkoa
Chemba ya wafanyabiashara ya mkoa
Ubao wa matangazo, lango la kuingilia abiria